Karata Tano za Mama

Gunia la katani likinyeshewa kidogo halafu likapigwa na jua, hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Ni harufu ya kamba ya ng'ombe na chapati iliyosahauliwa mfukoni, na ndani yake kuna vumbi la mahindi linalokufanya utake kupiga chafya. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Lodwar, nikashuka Kitale kununua viatu. Nikakuta matrela yamepangana kando ya barabara inayoenda ghala la nafaka. Siku hizi magunia karibu yote ni ya plastiki, lakini mkulima mmoja alikuwa na machache ya katani, na upepo ukaniletea ile harufu. Viatu sikununua. Mchana huohuo nilipanda gari la Bungoma nikaenda Bumula kwa mama.

Mimi ni mpishi wa kambi za ujenzi wa barabara. Barabara ikiisha, nafunga sufuria zangu naifuata nyingine. Nimepika Voi, nimepika Garsen, nimepika Lokichar mahali ambapo upepo unatia mchanga ndani ya ugali. Mama husema nina siafu miguuni. Kila kambi niliyopita nimeacha mchezo wa karata unaoitwa Ndogo, na kila nilipoulizwa niliujulia wapi, nimesimulia habari ya mama na karata zake tano. Naisimulia vizuri. Nimeona madereva wa greda wakicheka mpaka wakafuta machozi. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naisimulia visivyo.

Ulikuwa mwaka niliomaliza darasa la nane. Mama alikuwa amekodi ekari mbili ng'ambo ya Kitale, kama walivyofanya watu wengi wa kwetu ambao mashamba yao yalikuwa yamegawanywa mpaka yakabaki vipande. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alibaki Bumula na wadogo zangu na ng'ombe wetu Siranga. Mimi na mama tulivuna, tukapukuchua, tukaanika, tukajaza magunia. Kisha Ndiwa, kijana wa kutoka juu mlimani aliyekuwa na trakta, akatubebea mahindi kwenye trela lake hadi ghala la nafaka. Tulifika asubuhi tukidhani tutapimiwa mchana. Tukakuta foleni imezunguka ukuta mpaka nyuma. Soja wa geti alikuja na chaki akaandika ubavuni mwa trela letu: 31.

"Siku ngapi hiyo?" mama akamuuliza.

"Mama, hiyo si siku," soja akasema. "Hiyo ni wiki."

Mahindi yale yalikuwa kidato changu cha kwanza. Barua ya shule ilikuwa imefika, baba alikuwa ameiweka ndani ya Biblia ili isikunjike, na mama alikuwa ameniambia wazi kwamba mahindi yakinunuliwa nitaenda, yakirudishwa nitasubiri mwaka mwingine. Nilijua wasichana wa kwetu waliosubiri mwaka mwingine. Walikuwa na watoto wawili wawili.

Yangerudishwa vipi? Kwa maji. Pale getini kulikuwa na mtu mwenye chuma chenye ncha. Alikidunga ndani ya gunia, akatoa punje, akazitia kwenye mashine ndogo, na mashine ikasema kama mahindi yamekauka. Ndiwa alikuwa na rafiki mle ndani. Siku ya pili alimpelekea kiganja cha punje zetu, akarudi akikuna shingo.

"Iko hapo hapo kwa mstari," akamwambia mama. "Leo wanachukua. Lakini hii mahindi ikinyeshewa mara moja tu, mama, tunarudi na hiyo yote nyumbani."

Na turubai letu lilikuwa limepasuka katikati. Mama alikuwa amelishona kwa uzi wa katani, lakini mshono ni mashimo. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya mlima Elgon, yakakaa pale kama watu wanaojadiliana waende au wasiende, kisha yakapita upande wa Uganda. Siku tano zilipita hivyo. Matrela manane yaliingia ghalani, na sisi bado tulikuwa mbali.

Mtoto hajui kuwa na wasiwasi siku tano mfululizo. Mimi nilianza kuifurahia foleni. Ilikuwa kama kijiji. Kulikuwa na mama wa chai, kulikuwa na mtu wa kunyoa, na asubuhi kulikuwa na maombi, ambayo mama yangu ndiye aliyeyaongoza kwa sababu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwetu na sauti yake ilifika trela la hamsini. Baada ya siku mbili foleni nzima ilimwita Mama Nekesa na kuficha sigara alipopita. Watu walimwachia vitu vyao awachungie. Mtu akidai amelipa chai na mama wa chai akikana, wote wawili walikuja kwake.

Na kulikuwa na karata. Wanaume walizicheza kando ya trela la ishirini na sita, juu ya debe lililogeuzwa. Trela hilo lilikuwa la Mzee Barasa, mkulima wa Kiminini, mtu mnene wa maneno mengi aliyevaa kofia ya kaki yenye ukingo mpana na hakuivua hata wakati wa maombi. Karata zenyewe zilikuwa zimelainika kama kitambaa, na zilinuka dizeli na chumvi ya vidole. Kanisani kwetu tulifundishwa kwamba karata ni Biblia ya shetani. Kwa hiyo nilikwenda kuziangalia siku ya kwanza kabisa.

Ndiwa ndiye aliyenifundisha, tukiwa tumekaa kivulini mwa gurudumu la trakta.

"Darasani ulikuwa namba ngapi?"

"Tatu."

"Na yule wa namba arobaini na tano, alipewa zawadi?"

"Aliitwa ofisini."

"Basi wewe unajua Ndogo tayari. Hii mchezo, namba moja ndiyo baba yao. Kingi ni yule wa mkia."

Akanipangia karata chini kwenye vumbi. Kila mchezaji anapewa tano, akasema, anaziangalia peke yake. Zile kubwa anazirudisha, anapewa nyingine idadi ileile, mara moja tu. Anatafuta namba ndogo: Esi, ambayo ni moja, kisha mbili, tatu, nne, tano. Ukizipata hizo tano kwa pamoja hakuna wa kukugusa. Karata mbili zikifanana, hiyo ni jozi, na jozi ni ugonjwa. Mwenye jozi hushindwa na yeyote asiye nayo. Mnapolinganisha, mnaanza na ile kubwa kuliko zote mkononi. Kubwa yangu ikiwa nane na yako ikiwa tisa, nimekushinda, hata kama hizo nyingine zako ni ndogo kama nini. Zikiwa sawa, mnashuka kwenye inayofuata.

"Na rangi?" nikauliza. "Nyekundu na nyeusi?"

"Rangi ni ya kupaka nyumba. Sisi hatuangalii."

Kisha akanionya juu ya jambo moja zaidi. Mtu akisema habadilishi hata karata moja, maana yake ni kwamba zile tano za kwanza zilikuja zote ndogo. Mtu wa hivyo si wa kuchezewa. "Au ni mwongo," Ndiwa akaongeza. "Kwa hivyo unamuangalia uso. Na wewe ukishika karata, fikiria kitu ya nyumbani, kitu haina maana. Usifikirie karata."

Nikafikiria Siranga anavyotafuna akiwa amelala. Ndiwa akanitazama, akacheka. "Eeh, hiyo uso ni nzuri. Iko kama ukuta."

Nilimrudia mama mbio na ugunduzi mkubwa. Nilimweleza kwamba mchezo huu haungeweza kuwa wa shetani, kwa sababu ndani yake wafalme wanashushwa na wadogo wanainuliwa, kama vile yeye mwenyewe alivyotusomea Krismasi iliyopita. Niliamini kabisa kwamba ulibuniwa na mchungaji fulani. Niliamini pia kwamba ulibuniwa palepale kwenye foleni, kwa kuwa ni wapi kwingine duniani watu wazima wangekaa wakitamani namba ndogo?

Mama alikuwa ameketi juu ya magunia akifuma kitambaa cha meza. Alifuma bila kutazama sindano. Vidole vyake vilijua njia.

"Umeshika hizo karata?" akaniuliza.

"Kidogo tu."

"Nenda unawe mikono."

Sasa lazima nieleze desturi ya foleni ile, maana bila hiyo hamtaelewa. Mara nyingine trela lililokaribia geti lilirudishwa kwa sababu ya maji, mwenyewe akaondoka kwenda kuanika upya. Nafasi yake ilibaki wazi. Kwingine wote wangesogea hatua moja. Pale, nafasi iliyoachwa ilichezewa. Aliyeitaka alikuja kwenye debe, wakagawiwa karata tano, wakabadilisha mara moja, halafu wakaulizwa mmoja mmoja: unatoka au unaonyesha? Ukitoka, hukupoteza kitu, ulirudi kwenye trela lako na namba yako. Ukibaki na mwenzako akabaki, mlionyesha. Mwenye karata ndogo alipewa ile nafasi ya mbele. Aliyeonyesha akashindwa alifutiwa namba yake, akavuta trela lake mpaka mwisho wa foleni, mkiani kabisa, nyuma ya ukuta ambako hata mama wa chai hakufika. Hakuna aliyejua nani alianzisha desturi hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, trela la pili kutoka getini lilirudishwa. Mwenye trela alikuwa mzee wa watu, aliondoka akiwa amejishika kiuno. Wakati huohuo nikamwona mama ameacha kufuma. Nikafuata macho yake. Mawingu ya Elgon yalikuwa yameamua. Yalikuwa yanakuja upande wetu, meusi chini na meupe juu, na upepo uliyatangulia ukiinua vumbi barabarani.

"Ndiwa," mama akaita. "Kutoka hiyo ya pili, unaingia ndani saa ngapi?"

"Saa hii, mama. Hata dakika kumi haifiki. Na ukiingia ndani, kuna paa."

Mama alikikunja kitambaa chake, akakiweka ndani ya kikapu, akateremka kutoka kwenye trela. Alijifunga leso vizuri kama anayekwenda madhabahuni. "Nekesa, kuja," akasema.

Wanaume walikuwa wamelizunguka debe. Mmoja alisimama ampe nafasi ya kupita, akidhani anapita tu.

"Nimekuja kwa ile nafasi," mama akasema.

"Mama Nekesa!" Mzee Barasa akaruka. "Ati wewe? Karata?"

"Sigusi karata. Mtoto atashika. Mimi nitaangalia."

"Na kanisa je?"

"Hata mitume walipiga kura," mama akasema. "Kura inapigwa mara moja na mtu anakubali kilichokuja. Gawa."

Wakatazamana. Waliojitokeza kuitaka nafasi walikuwa watu wanne: ndugu wawili wa Cherang'any waliokuwa na trela moja lakini walicheza kila mmoja kivyake, Mzee Barasa, na mama yangu. Soja wa geti ndiye aliyegawa, kwa sababu yeye hakuwa na mahindi. Nilichuchumaa mbele ya debe, mama akasimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Karata zikaja moja moja. Nilizichukua, nikazipanua kidogo jinsi Ndiwa alivyonifundisha, karibu na kifua.

Kingi. Kwini. Tisa. Nne. Kingi nyingine.

Jozi ya Kingi. Katika siku sita nilizochungulia mchezo ule sikuwahi kuona mkono mbaya namna hiyo. Nikajiambia bado hatujakufa, tutabadilisha karata nne, tubakishe ile yenye namba nne, na Mungu akipenda zitakuja ndogo. Ndugu wa kwanza alibadilisha tatu. Wa pili akabadilisha mbili. Mzee Barasa alizitazama zake muda mrefu, akabadilisha moja, akaichungulia ile mpya. Kisha akaisukuma kofia yake nyuma, akajikuna paji la uso.

"Mama Nekesa," soja akasema. "Ngapi?"

Nikainua kichwa nimwangalie mama. Nilikuwa tayari nimezitenga zile nne za kurudisha kwa kidole gumba.

"Sibadilishi," mama akasema.

Hata yule wa kunyoa aliacha mkasi hewani. Mama hakunitazama. Mkono wake ulibaki begani mwangu vilevile. Mimi nilielewa palepale, au nilidhani nimeelewa: kwake hii ni kura, kura haiombwi mara ya pili, na kilichotoka kwa Mungu hakirudishwi kwa soja. Alikuwa ananipeleka mkiani kwa ajili ya imani yake. Shule ikapita mbele ya macho yangu ikienda zake. Kisha nikakumbuka kwamba nina uso, na watu watatu walikuwa wanauangalia.

Nikamfikiria Siranga. Nilimfikiria amelala chini ya mwembe wa uani kwetu, anatafuna, anameza, anarudisha, anatafuna tena, sikio moja linafukuza nzi. Nilitafuna hata mimi, kidogo, mdomo ukiwa umefungwa.

"Toka," ndugu wa kwanza akasema, akatupa karata zake.

"Huyu mama hajawahi kudanganya mtu hapa," wa pili akasema. "Mimi siendi mkiani na njaa. Toka."

Akabaki Mzee Barasa. Aliinama mbele, akanitazama mimi. Pumzi yake ilinuka kitunguu.

"Wewe msichana. Mama yako ako na nini hapo?"

Nikatafuna.

"Ebu angalia hii mtoto," akasema. "Inaniangalia kama mimi ni nyasi." Watu wakacheka. Akamgeukia mama. "Mama Nekesa, si ungebadilisha hata moja, bana. Hata moja ya heshima."

"Nimesema sibadilishi, mzee wangu."

"Mvua inakuja."

"Naiona."

Alizitazama karata zake tena. Akaipeleka kofia mbele, akairudisha nyuma, akajikuna. Tone la kwanza likaanguka juu ya debe, likalia kama mtu amegonga mlango.

"Aaah!" akasema Mzee Barasa, akazitupa chini. "Toka! Nani anapigana na mwanamke wa maombi?"

Desturi ilisema karata za aliyebaki peke yake hazionyeshwi. Mzee Barasa alinyoosha mkono, akaniomba nimwonyeshe moja tu, apate usingizi. Nilizichanganya zile tano na nyingine haraka kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote, nikazigonga ziwe sawa, nikamkabidhi soja. Ndiwa alikuwa tayari amewasha trakta. Tuliingia chini ya paa la ghala huku nusu ya nyuma ya trela ikipigwa na matone ya kwanza. Yule wa chuma chenye ncha akadunga, mashine ikafikiri, ikakubali.

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Mama alipotoka kwenye ofisi alikwenda moja kwa moja kwa mama wa chai, akamwagizia Mzee Barasa birika nzima na mandazi. Alimkuta amekaa chini ya turubai lake, turubai jipya lisilo na tundu hata moja, mahindi yake makavu. Hakuwa na haraka ya kitu. Alikuwa anacheza kwa kupenda kucheza. Nilifurahi kuona hivyo. Januari nilikwenda shule na sanduku jipya la bati, na miaka minne baadaye nikamaliza, nikaanza kutembea, na sijasimama mpaka leo.

Hiyo ndiyo hadithi niliyobeba kambi hadi kambi. Mama asiyejua Kingi na Esi, aliyesimama na mkono mbaya kuliko yote kwa sababu dini yake ilimkataza kuomba mwingine, na wanaume wajanja wakakimbia. Watu huipenda. Nami niliipenda zaidi kwa sababu ilinipa mama mtakatifu, mtu ambaye mambo yalimnyookea kwa kutojua. Nilipokuwa mbali na nyumbani na mambo yangu hayanyooki, ilinituliza.

Basi mwezi uliopita nikafika Bumula na ile harufu bado puani. Mama amezeeka, miguu inamsumbua, lakini vidole ni vilevile. Nilimkuta barazani anafuma. Mtoto wa ndugu yangu, Sifa, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa amefunga shule. Nikatoa karata kwenye mkoba wangu, nikamuuliza alikuwa namba ngapi darasani. Baada ya nusu saa alikuwa anacheza Ndogo kunishinda. Tukaweka sharti: atakayeonyesha na kushindwa atapeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, na mashine iko mbali.

"Kukhu naye acheze," Sifa akasema. Hivyo ndivyo wajukuu wanavyomwita.

Nilijua mama atakataa. Mama akasema, "Mimi sigusi. Wewe utanishikia."

Nikacheka, nikagawa. Sifa akakaa miguuni pake na zile tano kifuani. Mimi nilibadilisha moja. Sifa aligeuka kumwuliza nyanya yake ngapi.

"Sibadilishi," mama akasema, na sindano haikusimama.

Hapo sikuweza kujizuia. Nikaziweka karata zangu mapajani, nikamsimulia Sifa hadithi yote, mawingu na debe na Kingi mbili, na Siranga akitafuna. Nilisimulia jinsi nyanya yake alivyopokea kura ya Mungu bila kujua hata kama ni nzuri au mbaya. Sifa alisikiliza mdomo wazi. Mama aliniacha nimalize. Kisha akageuza kitambaa, akaanza mstari mwingine.

"Nani alikuambia sikujua ni mbaya?" akauliza.

"Mama, zilikuwa Kingi mbili."

"Niliziona. Kingi, Kwini, tisa, nne, Kingi nyingine." Alizitaja kwa mpangilio uleule zilivyokuja, miaka yote hii baadaye. "Nekesa, siku sita nilikaa juu ya yale magunia. Wewe ulidhani nilikuwa naangalia mlima?"

Niliona lile trela letu tena, mama juu yake, vidole vinafuma vyenyewe na macho yametulia mbele. Elgon ilikuwa mbele. Chini ya Elgon, kwenye mstari huohuo wa macho, palikuwa na debe.

"Barasa akipata karata nzuri," mama akasema, "alikuwa anavuta kofia chini, inafunika nyusi. Hakutaka mtu amuone macho. Akipata za katikati, anaisukuma nyuma anajikuna. Siku sita hakukosea hata mara moja. Siku ile alisukuma nyuma. Na mtu mwenye za katikati haendi mkiani kupigana na mama wa maombi."

"Na kama angebaki?"

"Tungeenda mkiani. Ningefunika mahindi na blanketi, na leso zangu zote, na wewe juu yake."

"Lakini ulisema ni kura! Ulisema mtu anakubali kilichokuja!"

"Nilikubali. Si nilikaa na Kingi zangu?" Akauvuta uzi. "Kura ilikuwa ya Mungu. Kofia ilikuwa ya Barasa. Mungu alinipa macho ya kuona zote mbili."

Nikacheka mpaka jirani akachungulia uani. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeambiwa kwamba mzigo aliotembea nao miaka mingi una chakula ndani. Nimekaa na wacheza karata wa nchi nzima, na aliyekuwa hodari kuliko wote alikuwa kwetu Bumula akifuma vitambaa vya meza.

"Shangazi," Sifa akasema. "Bado hujasema. Unatoka au unaonyesha?"

Nilikuwa nimesahau. Nikaziinua karata zangu. Nilikuwa na saba juu, kisha tano, nne, mbili na Esi, mkono ambao kwenye kambi yoyote ningeuonyesha huku nikiimba. Nikamtazama mama. Akatazama uzi wake. Alikuwa amefunga kitambaa cha bluu kichwani, nami nikakisubiri kiende mbele au kirudi nyuma. Hakikwenda popote. Nikamtazama Sifa. Sifa alikuwa ananiangalia kwa macho matulivu, na taya lake lilikuwa linatembea polepole, mdomo umefungwa.

"Toka," nikasema.

Nikanyoosha mkono nione, hata moja tu, nipate usingizi. Lakini Sifa alikuwa amekwisha kuzichanganya zile tano na nyingine, akazigonga ziwe sawa, akanikabidhi.